Mama Mwenyekiti

Daftari la ubatizo la parokia lina safu nyembamba pembeni. Mtoto akibatizwa huandikwa jina lake, la baba yake, la mama yake, la msimamizi wake, tarehe, na padri aliyembatiza. Ile safu ya pembeni huachwa wazi kwa sababu Kanisa litarudi kuandika mengine humo: kipaimara, ndoa, nadhiri za kitawa, daraja takatifu. Hata ukifungia ndoa Mwanza au Nairobi, taarifa hurudishwa parokia uliyobatiziwa na kuandikwa kwenye mstari wako uleule. Bibi yangu mzaa mama ana mstari wake humo, wa mwaka 1931, kwa Kilatini, kwa mwandiko wa mmojawapo wa wamisionari ambao wazee wa Bukoba mpaka leo wanawaita Mapadri Weupe. Pembeni pana kipaimara na ndoa, basi. Hakuna safu ya vitambaa vya altare alivyofua, wala ya wagonjwa aliowaosha, wala ya wajane aliokesha nao shemeji zao walipokuja kudai shamba. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana mpaka magoti yalipokataa, na hakuwahi kulipwa hata senti.

Historia ya Kanisa letu la Kagera nimeisoma mara nyingi, na karibu kila ukurasa ni wa wanaume. Askofu fulani alijenga, padri fulani alifungua kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Ni kweli walijenga, nami nawashukuru. Lakini mchanga wa kujengea ulifikaje kilimani kabla ya barabara? Nani alipika siku ya kubariki jengo? Na jengo lilipokwisha kubarikiwa, nani aliliweka hai juma zima, kwenye kigango ambacho padri hufika mara moja kwa mwezi? Nikiuliza maswali hayo nyumbani, wote wanageuka kumtazama Bibi.

Alizaliwa kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Bukoba, si mbali na Kashozi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1892. Mama yake hakuzaliwa Mkristo. Alipitia ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, wa miaka minne, kama Kardinali Lavigerie alivyowaagiza Mapadri Weupe, maana mwanzilishi huyo hakutaka watu wabatizwe harakaharaka. Miaka minne ya kupanda na kushuka vilima kwenda mafundisho, kabla ya kuolewa, na wazazi nyumbani hawaelewi binti yao anatafuta nini huko. Bibi alitukumbusha habari hiyo kila tulipolalamika kwamba mafundisho ya komunyo ya kwanza yanachosha.

Utotoni mwake Misa ilikuwa ya Kilatini, padri akiwapa watu mgongo. Bibi alijifunza kujibu "Et cum spiritu tuo" kabla hajajua kusoma, na Tantum ergo aliiimba mpaka uzeeni, yote, bila karatasi. Halafu ukaja mwaka 1960. Mwezi Machi Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kufikia cheo hicho katika nyakati hizi. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Bibi alikuwa mama kijana, na alisema siku habari zilipofika watu waliacha majembe shambani. Lakini akisimulia hakukaa sana kwenye kofia nyekundu. Alipenda kusimulia walivyotandika nyasi mpya, walivyohesabu sufuria, na walivyobishana ni nyumba ipi yenye sahani zinazofanana za kumtosha mgeni na msafara wake. Kwake sherehe ya Kanisa ilikuwa hiyo pia, na ninakubaliana naye.

Kazi yake ya kwanza parokiani ilikuwa vitambaa vya altare. Watu wengi wanaviona vyeupe altareni bila kufikiri vinatoka wapi. Korporale, kile kitambaa cha mraba ambacho juu yake huwekwa Hostia, mkate wa Ekaristi, na kalisi, kikombe cha divai, hukunjwa sehemu tatu kwa urefu na sehemu tatu kwa upana, kuelekea ndani, ikibaki alama ya miraba tisa. Hukunjwa hivyo ili chembe yoyote ya Hostia iliyobaki isidondoke. Purifikatori, cha kufutia kalisi, hukunjwa sehemu tatu kwa urefu. Na hivi havifuliwi na nguo nyingine. Maji ya kwanza ya kuvisuuza hayamwagwi mtaroni; humwagwa ardhini mahali ambapo mtu hakanyagi. Bibi alikuwa na beseni la kazi hiyo tu, na mahali pake palikuwa chini ya mbuni mmoja, mti wa kahawa, nyuma ya nyumba. Sisi wajukuu tulikatazwa kuchezea hapo. Kisha pasi ya mkaa: aliipitisha kwanza kwenye jani la mgomba ili iteleze na isiache masizi, akapiga kitambaa taratibu, huku midomo yake ikisali. Sijawahi kuona mtu anayeamini Ekaristi kwa mikono yake kiasi kile. Mahubiri mengi niliyosikia juu ya Mwili wa Kristo yamenipita, lakini yale maji chini ya mbuni hayajanitoka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipomalizika mwaka 1965, mambo yakaanza kubadilika hata vijijini. Padri akageuka kuwatazama watu, Kiswahili kikaingia altareni, ngoma zikaruhusiwa kanisani. Wapo wazee waliohuzunika. Bibi alifurahia ngoma, akaukosa Ukimya, akaendelea. Mabadiliko yaliyomgusa zaidi yalikuja miaka ya sabini. Mwaka 1972 kikaanzishwa chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe ndiyo namna ya kujenga Kanisa la huku. Nyumba chache za jirani wakutane, wasome Injili, wajuane, wasaidiane. Tayari tulikuwa tumezoea balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo wazo lilieleweka haraka. Watu wakachagua viongozi. Jumuiya ya mtaa wetu ikamchagua Bibi, na kuanzia hapo jina lake la ubatizo likaanza kupotea. Watoto, wazee, hata paroko, wote wakamwita Mama Mwenyekiti.

Jumamosi alfajiri, umande bado upo kwenye migomba, walikutana nyumba hii, juma lijalo nyumba ile. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Wimbo, somo, maombi, sadaka kidogo kwenye kikapu, kisha taarifa: nani anaumwa, nani amejifungua, nani hajaonekana. Kwenye taarifa hizo ndipo alipokuwa hodari. Alijua nyumba ambayo moshi haukuonekana jana jioni. Alijua mume gani amehamia kwa mwingine na mke gani amenyamaza. Na alijua kunyamaza yeye mwenyewe, jambo ambalo kijijini ni gumu kuliko kufunga Kwaresima.

Halafu ukaja ugonjwa.

Kagera ulitufikia kabla ya kwingine nchini. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, upande wa Muleba. Kabla jina UKIMWI halijazoeleka, watu wa kwetu waliuita Juliana, jina la mavazi ya fasheni yaliyoletwa kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita vya Kagera. Wengine waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara wa upande ule waliodhulumiwa mali zao. Wengine, na baadhi yao walikuwa watu wa kanisani, walisema ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Kijana alirudi kutoka mjini amekonda, anakohoa, ana vipele, anaharisha. Nyumba ikanyamaza. Majirani wakaanza kupita njia ya juu.

Bibi alipita njia ileile ya siku zote. Alikuwa na wenzake wanne au watano wa WAWATA, wanawake wa umri wake, wenye mashamba yao ya kupalilia na waume wao wa kuwapikia. Waligawana nyumba. Glavu hazikuwapo, walifunga mifuko ya nailoni mikononi. Sabuni ya mche waliikata vipande ili itoshe nyumba tatu. Walifua mashuka mtoni, wakapika uji, wakamgeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke, wakabadilisha nyasi sakafuni pale ambapo hazikufaa tena. Aliyetaka kuungama aliitiwa padri, na Bibi alikwenda mapema kuandaa meza: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji, pamba, na kipande cha limau cha padri kujisafishia vidole mafuta matakatifu. Nyumba ikiwa haina meza, kibweta kiligeuzwa kikawa meza. Alisema mgonjwa anayeona mtu anatandika kitambaa cheupe kwa ajili yake anafahamu kwamba bado ni mtu.

Kuhusu adhabu ya Mungu alikuwa na jibu moja, nalo nililisikia kwa masikio yangu akimjibu mwanaume mmoja nje ya kanisa. "Baba, mimi nimeitwa kuosha. Ya kuhukumu muulize Mwenyewe." Akaendelea na safari yake. Hakuwa mtu wa kubishana, na mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo aliyaamini yote na kuyafundisha kwa binti zake na wajukuu. Hakuona kwamba yanamzuia kushika mkono wa mtu yeyote.

Miaka hiyohiyo lilitokea jambo la mahudhurio, ambalo naliona kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Jumuiya huweka daftari la mahudhurio, na katika parokia nyingi daftari hilo lina nguvu. Asiyehudhuria jumuiya anaweza kupata shida siku anapotaka kubatiza mtoto, na familia yake inaweza kupata shida siku ya maziko. Nia ni njema, kuwakumbusha watu kwamba Kanisa si kituo cha huduma. Sasa wagonjwa wale hawakuweza kufika Jumamosi, na wengine familia zao ziliwaficha. Katibu akataka kuandika "hayupo", kama utaratibu ulivyo. Bibi akakataa. Akamwambia aandike "yupo". Hoja yake ilikuwa nyepesi: sisi wenyewe tumekuwa nyumbani kwake juma hili, tumesali naye, sasa hayupo wapi? Jambo likafika kwa paroko wa wakati ule, akasikiliza pande zote mbili, akasema liandikwe kama Mama Mwenyekiti anavyosema. Madaftari hayo tunayo nyumbani, kwenye sanduku lake la bati. Ukiyafungua ya mwishoni mwa miaka ya themanini unaona "yupo, yupo, yupo", kisha msalaba mdogo wa kalamu, kisha mstari unaishia hapo. Majina yao siwezi kuyaandika hapa. Watoto wao wako hai, na baadhi hawajui mzazi alikufa kwa nini.

Mwanawe wa kwanza, mjomba wangu, ni mmoja wa hiyo misalaba midogo. Alirudi kutoka Mwanza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Miezi ile Bibi hakuzunguka. Wenzake walikuja kwake kwa zamu, na Jumamosi jumuiya ikawa inakutana sebuleni kwetu, mlango wa chumba cha mjomba ukiwa wazi ili asikie Injili. Alipofariki, Bibi aliomboleza kwa namna ya kwetu, kwa sauti, akakaa chini na wanawake waliomzunguka. Baada ya matanga akatoka tena na beseni lake. Watu wengine wanaliita jambo hili nguvu. Mimi nilikuwa naishi naye, na niliona kwamba usiku hakulala. Alikaa na rozari mpaka jogoo wa kwanza. Aliendelea kwa sababu kulikuwa na mama mwingine, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mtoto wake alikuwa bado yuko hai na hana wa kumgeuza.

Katika nyumba hizo za wagonjwa, kifo cha mume kilileta vita vya pili, vya shamba. Kwa mila za Kihaya kibanja, yaani shamba la nyumbani, ni cha ukoo, na mrithi mkuu, musika, ni mwanaume. Mjane alikaa kwa ajili ya watoto wake, na kama watoto ni wadogo au hana, ndugu wa marehemu walikuja na maneno. UKIMWI ulizalisha wajane vijana kwa wingi, na wengi walifukuzwa huku wenyewe wakiwa wagonjwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji James Mwalusanya, iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake alimpinga kwa hoja kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema mila hiyo inabagua, inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Habari za hukumu hiyo zilipofika kijijini, zilifika nusunusu, na wazee wengi walizikasirikia. Bibi hakuwa mwanasheria na hakuzungumza habari za katiba. Alichukua funzo moja tu: maandishi yana nguvu.

Basi akaanza kuwaambia wanaume wagonjwa, wakiwa bado na akili timamu, waandike wosia. Alimleta katekista aandike, akaleta wazee wawili wa ukoo na watu wawili wa nje kuwa mashahidi, akahakikisha kila mmoja ameweka sahihi au dole gumba. Kumwambia mgonjwa habari za wosia ni jambo la kutisha, linasikika ni kumtakia kifo. Yeye alilisema baada ya sala, taratibu, kwa kuuliza: "Mwanangu, ungependa watoto walale wapi?" Na mume alipofariki, kundi lake la WAWATA lilikaa na mjane zaidi ya siku za kawaida za matanga. Walisema wamebaki kusali novena. Walisali kweli, siku tisa, na katika siku hizo hakuna shemeji aliyethubutu kuhamisha jiwe la mpaka mbele ya wanawake kumi wenye rozari. Hawakufaulu kila mara. Najua nyumba mbili ambazo mjane aliondoka na watoto usiku, na Bibi alizitaja nyumba hizo kwenye sala zake mpaka mwisho.

Oktoba 2004 serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, na pole pole misalaba ikapungua kwenye daftari. Bibi alikuwa ameshavuka sabini. Alistahili kupumzika, lakini sasa kulikuwa na yatima wa kusomesha na mabibi wenzake waliokuwa wanalea upya. Uongozi aliuachia baadaye, kwa hiari, kwa mama mmoja aliyekuwa amemlea mwenyewe tangu akiwa yatima wa darasa la nne. Cheo kilihama, jina likabaki. Kuna miaka jumuiya yetu ilikuwa na Mama Mwenyekiti wawili na hakuna aliyechanganyikiwa.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilimkuta kwenye kiti chake barazani. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Ukuta mmoja wa nyumba ukapasuka, na mjini hali ilikuwa mbaya zaidi. Shule kongwe ya Ihungo iliharibika vibaya. Tulipompigia simu aliuliza kama kanisa limesimama, kisha akaanza kututajia wazee wanaoishi peke yao, mmoja mmoja, na nani akawaangalie. Hakuweza tena kwenda yeye.

Miaka ya mwisho dunia yake ilikuwa kitanda, dirisha linalotazama migomba, na Radio Maria. Mlei aliyeruhusiwa kugawa komunyo alimletea Ekaristi kila Jumapili baada ya Misa. Alisali rozari nzima asubuhi na nzima usiku, na kati yake alisali kwa majina: wajukuu, mapadri aliowahi kuwapikia, marehemu. Orodha ya marehemu ilichukua muda mrefu. Nilimwuliza siku moja kama hachoki kuitaja. Akanijibu, "Nisipowataja mimi, nani mwingine anawakumbuka wote?" Alikuwa sahihi. Familia nyingine zilikwisha kabisa, na kibanja chao kina wageni.

Alifariki akiwa amevuka miaka tisini na mbili, amepakwa mafuta matakatifu, limau likiwa kwenye sahani kama alivyofundisha.

Siku ya maziko wasifu wake ulisomwa. Ulikuwa mfupi na ulisema kweli: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto wanane, alikuwa mcha Mungu na mtu wa sala. Nilikaa nikasikiliza, nikaona ni ule mstari wa daftari la ubatizo umerefushwa kidogo. Mcha Mungu, ndiyo. Lakini kumcha kwake Mungu kulikuwa na sabuni, na uji, na mashahidi wanne wa wosia. Nilikuwa nawaza kama niombe kusema, pale mwanaume mmoja wa makamo aliposimama nyuma, mtu ambaye hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa amevaa koti la mvua na kofia mkononi. Akasema jina la mama yake kwa sauti, mbele ya kijiji chote, akasema alikufa kwa UKIMWI mwaka 1989, na kwamba yeye alikuwa na miaka saba na alikuwa mlangoni akitazama. "Huyu mama ndiye aliyemuosha. Kila siku. Sisi ndugu zetu walikuwa wamekimbia." Akakaa.

Akasimama mwingine, mwanamke, akasema habari za shamba. Kisha mwingine akataja sare ya shule. Kisha mzee mmoja, yule katibu wa zamani aliyetaka kuandika "hayupo". Ratiba ikavurugika kabisa, na paroko akawaacha wasimame wote mpaka mawingu yalipoanza kushuka kutoka ziwani, ndipo akaomba twende kaburini kabla ya mvua.